Morisi ya Marehemu Baba na Udi wa Bwana Harusi

Jumatano, 5 Februari 2025

Siku ya kwanza ya likizo kutoka kazini, bandari ya Malindi hapa Unguja. Balaa la kwanza pia.

Shangazi Bi Biasha kaniita uani baada ya chai. Nikaitika naam kwa adabu zote. Akaniuliza ile Morisi iliyo chini ya mfenesi ni gari au kiota. Nikasema ni gari. Papo hapo kuku akatokea dirishani na vifaranga wake. Aibu niliyoipata!

Hukumu ikatoka. Jumamosi ya wiki ijayo anamwoza mwanawe wa mwisho, Nasima. Turubai la wageni litasimama pale pale uani. Kama mpaka asubuhi ya siku hiyo gari haijatoka kwa magurudumu yake yenyewe, atakuja mtu wa vyuma chakavu aikate vipande. Nyumba yake, ua wake, kauli yake.

Gari ya marehemu baba! Ndiyo iliyonileta nyumbani kutoka hospitali, mtoto mchanga, nimefungwa kwenye kanga. Usukani una alama za meno yangu mpaka leo. Naipenda gari ile, basi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kunicheka.

Jirani yetu Wakil alikuwa anasikiliza juu ya ukuta, kitambaa mkononi. Bwana huyu ana gari ya Alphard nyeupe, kila alasiri anaifuta kama anamkausha mtoto. Akatangaza, wala hakuulizwa, kwamba bwana harusi atachukuliwa na Alphard yake. Shangazi akamwombea dua ndefu. Mimi sikuombewa hata fupi.

Nshaamua. Morisi haitatoka uani tu. Itamleta bwana harusi! Nimeona kwenye simu wanavyofanya Wamarekani: paa wanakata, injini wanaiacha uchi, magurudumu makubwa nyuma, madogo mbele, mabomba ya moshi ubavuni. Wenyewe wanaita hoti rodi. Nikamwonyesha mke wangu Salhiya. Akatazama mpaka mwisho, akauliza breki iko wapi. Hana jicho la sanaa, masikini.

Alhamisi, 6 Februari

Kazi imeanza. Nimemleta Jaku, fundi wa kuchomelea, mtu wa Makunduchi. Hakatai kazi hata moja. Kumaliza ndiyo shughuli.

Paa limekatwa kabla ya adhuhuri. Kuku wamehamia jikoni kwa Salhiya. Salhiya hajafurahi.

Jaku kapata injini ya Hiace iliyopinduka. Nzima, kaapa. Tukaijaribisha. Haingii. Tukatoa boneti. Haingii. Tukatoa taa moja na kipande cha mbele ambacho Jaku kasema hakina kazi. Ikaingia! Imesimama juu ya gari kama sufuria juu ya mafiga. Nimeizunguka mara kadhaa, nikahisi kifua kinapanuka.

Wakil kachungulia, akauliza tunaunda gari au jiko la pilau ya harusi. Jaku akacheka mpaka akakaa chini. Nataka kujua Jaku yuko upande gani.

Jumamosi, 8 Februari

Magurudumu nyuma ni ya lori. Ya mbele ni ya kigari kidogo sana. Gari imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mimi napenda.

Tukawasha. Loo! Mngurumo ule! Bakuli zilitikisika jikoni, kuku wakarudi uani, na bibi wa nyumba ya tatu akaanza kuleta shahada. Nilipiga kelele za furaha. Jaku naye. Tukakumbatiana na grisi zetu.

Kisha nikatia gia ya kwanza, na gari ikenda nyuma. Moja kwa moja kwenye ukuta wa Wakil. Jaku anasema ni jambo dogo, kuna kitu alikifunga kinyume. Wakil anasema ukuta wake si jambo dogo.

Halafu nikageuka nikaona kamba ya nguo. Mashuka meupe ya Nasima, ya chumba cha maharusi, yalianikwa sawasawa na mabomba ya moshi. Yalikuwa meupe. Shangazi alisimama mlangoni, akayatazama, akanisukumia beseni na sabuni.

Nimefua mashuka mpaka magharibi. Salhiya kakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi akinielekeza. Siku nyingi sijamwona amefurahi vile.

Jumatatu, 10 Februari

Viti. Vya zamani vimeliwa na panya. Nilimwomba Salhiya kigodoro cha sponji cha wageni. Akakilalia mchana kutwa.

Jaku kaniokoa. Mama yake kule Makunduchi anasokota kamba, kwa hiyo kaleta gunia zima la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Mzee yeyote wa Unguja kalala juu ya godoro la usumba na mgongo wake umenyooka. Tumekijaza kiti cha nyuma mpaka kikavimba, tukashonea pazia jekundu la mahameli. Nimekikalia. Kiti cha sultani! Kinawasha kidogo tu.

Nyuma nimeandika jina la gari kwa rangi ya dhahabu: MTAKOMA WENYEWE. Wakil kalisoma polepole. Akaenda ndani bila ya kuniaga.

Na Jaku kakigeuza kile alichokifunga kinyume. Sasa gari inakwenda mbele. Gia ya kurudi nyuma imepotea, lakini nani anayetaka kurudi nyuma?

Jumatano, 12 Februari

Leo nimetumia akili. Gari ninayo, bwana harusi sina. Hamid, kijana wa Chukwani anayemwoa Nasima, mpole mno, hawezi kuamua hata juisi ya kunywa. Anayeamua ni ami yake, Mzee Ubwa. Nikenda Chukwani.

Nikamwamkia, nikanywa kahawa yake, nikasifu kashata. Kisha nikaugua kwa huzuni. Akaniuliza nini. Nikamwambia nnamwonea imani na huruma Hamid. Kijana atakaa ndani ya Alphard kutoka Chukwani mpaka kwetu Mtoni, baridi ya kiyoyozi inampiga kooni. Halafu aingie msikitini mbele ya shekhe na mashahidi aulizwe kama kakubali ndoa, na sauti isitoke!

Mzee Ubwa akakiweka chini kikombe. Kumbe nimegusa kidonda! Siku ya nikahi yake mwenyewe sauti ilimkauka, kila akisema kakubali unatoka upepo mtupu, akarudishwa na kurudishwa mpaka baba mkwe akauliza kama wamemletea bubu. Mpaka leo wakwe zake wanamwita Upepo.

Nikataja, kama jambo la kupitia, kwamba iko gari moja isiyo na kiyoyozi. Haina hata paa. Mzee Ubwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimerudi naimba.

Ijumaa, 14 Februari

Wakil kapata habari. Kavimba kweli kweli. Ameitia Alphard manukato hata ukipita njiani unapiga chafya. Anawaambia watu bwana harusi atafika Mtoni ananuka petroli.

Ananuka petroli! Tutaona. Nimechukua chetezo cha Salhiya, makaa, na udi ule anaouficha chini ya kanga zake za sikukuu. Watu wanafukiza nguo, wanafukiza vitanda vya maharusi, nani kasema gari haifukizwi? Nitakiweka chini ya kiti cha nyuma, moshi upande taratibu, umwingie bwana harusi mpaka kwenye nyuzi za joho. Salhiya hajui. Atajua kwa harufu.

Na jioni hii, mbele ya shangazi, Nasima, Jaku na kuku wote, Morisi imetoka uani kwa magurudumu yake yenyewe! Nguzo moja ya lango imetoka nayo, lakini sharti halikutaja nguzo. Nililia. Sisemi uongo, machozi yalinitoka, nikamwona baba kabisa, na kofia yake na kiwiko chake dirishani. Shangazi akajifanya ana vumbi jichoni.

Jumamosi, 15 Februari

Alhamdulillahi tuko hai. Naandika huku Salhiya ananipaka dawa ya moto mkononi, na hapaki kwa upole.

Chukwani mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Hamid kakaa kiti cha nyuma na joho lake jeusi na kilemba, Mzee Ubwa mbele na mimi, dufu na kasida kwenye gari ya nyuma yetu. Mzee Ubwa kampa Hamid wasia: bwana harusi hageukigeuki, halalamiki, hatikisiki. Joto utalisikia, mwanangu, kila mwanamme hulisikia siku hii, vumilia.

Nikawasha. Watoto wakapiga makofi. Tukaondoka, na udi nao ukaanza kazi.

Mnazi Mmoja watu walisimama kutupisha wakivuta harufu. Mashallah, udi gani huu! Mkono mmoja usukani, mmoja napungia. Wakil yuko nyuma kwenye Alphard yake tupu, uso kama limau.

Tulipofika Malindi moshi ulikuwa umezidi. Wenzangu wa bandarini walijipanga barabarani, wakatupigia miluzi na kelele. Nikaona wivu machoni mwao, nikafurahi. Harufu ilikuwa imebadilika kidogo, ikawa kama ya mtu anayechoma takataka. Nikajua ni manukato ya Wakil yanakuja na upepo. Nikatazama kwenye kioo. Hamid kainamisha kichwa, jasho linamchuruzika, midomo inasoma dua. Haya za bwana harusi, nikasema. Kijana kalelewa.

Usumba! Mtoto yeyote wa shamba angeniambia. Usumba hauwaki, unakula moto chini kwa chini, kimya kimya. Nilikuwa nimemkalisha kijana wa watu juu ya jiko tangu Chukwani.

Msikitini nikakanyaga breki. Breki ikafikiri kwanza. Tukaupita msikiti, tukawapita shekhe na mashahidi waliosimama kutupokea, tukaja kusita kwenye fungu la mchanga mlangoni kwa shangazi, katikati ya akinamama wote. Vigelegele! Hamid akasimama ashuke. Nyuma ya joho, upande mmoja, pana tundu la kuenea sahani, kingo zake nyekundu, na kanzu ndani inatoa moshi.

Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja akamnyunyizia marashi. Moto haukujali. Shangazi Bi Biasha akanyanyua ndoo ya sharubati ya ukwaju iliyowekwa kwa wageni, akammwagia yote. Yote! Nikatia mkono kung'oa kiti, nikaungua, nikapiga kelele ambazo nasikia zilifika msikitini.

Hamid kasimama anachuruzika ukwaju. Akaniuliza kwa heshima kabisa kama sasa anaruhusiwa kusema. Nikamwambia sema. Akasema alihisi joto, lakini ami yake alimtahadharisha.

Nasima alikuwa anachungulia juu dirishani, amejaa hina mpaka viwikoni. Alicheka! Akacheka mpaka tukamsikia sote. Hamid akatazama juu, naye akaanza. Basi ua mzima ukabomoka kwa vicheko, na mimi, ambaye roho yangu ilikuwa imeshafika Dar es Salaam, nikapata pumzi.

Wakil ndiye aliyetoa kanzu. Naandika kwa uchungu. Alikuwa nayo ya akiba, imepigwa pasi, ndani ya Alphard. Wakil mfupi, Hamid mrefu, kwa hiyo bwana harusi kaoa miguu nje, ananukia Wakil. Lakini shekhe alipomuuliza, Hamid alikubali kwa sauti iliyovuka barabara, mpaka mwenye duka la pili akasema amin. Mzee Ubwa akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema ndiyo faida ya kukosa kiyoyozi.

Jumapili, 16 Februari

Asubuhi mtu wa vyuma chakavu kasikia habari, kaja na mkokoteni. Mtu mwenye meno mengi. Morisi imelala mlangoni, kiti cha nyuma majivu, pua ndani ya mchanga, na jina la dhahabu limeungua nusu.

Shangazi akatoka. Akaizunguka gari, akafungua mlango, akakaa mbele, akaushika usukani. Nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka. Akasema kaka yake angekuwapo jana angelikufa kwa kicheko, tungelimzika upya. Kisha akalia kweli, kidogo tu, akajifuta kwa ncha ya kanga. Akamwambia yule bwana arudi na mkokoteni wake, hapana chuma chakavu nyumba hii. Nilitaka kumbusu mikono. Akaniambia kwanza nijenge nguzo yake.

Wakil naye akaleta kisamvu juu ya ukuta, akauliza kwa sauti ya chini kama namfundisha kukata paa. Nimesema nitafikiri.

Adhuhuri simu. Bi Tabia wa Chukwani, anamwoza mwanawe wiki hii hii kabla ya Ramadhani. Kaiona gari ilipopita kwao. Anaitaka hiyo hiyo, na moshi ule ule, maana Chukwani nzima inasema haijapata kuona harusi ya fahari kama ile. Salhiya kasema nimweleze kweli. Nitamweleza. Baada ya harusi.

Nimekaa chini ya mfenesi nikajihesabia makosa kwa moyo safi, kama mtu mzima. Nimetafuta sana. Nimeliona moja tu: chetezo kilikuwa kimoja, ndiyo maana kijana akaungua upande. Safari hii naweka viwili, kulia na kushoto, joto lienee sawasawa. Jaku nshamwagiza gunia jengine la usumba.