Mimba ya Mdomoni

Jumatatu, 2 Juni

Tak.

Ndiyo sauti yenyewe. Imeniingia kichwani tangu jana na haitoki. Tulikuwa Bwera, mpakani, dukani kwa Anselme muuza vitenge, Mama akichagua vitenge vya sare ya akina mama wa kanisani. Nilikuwa nimechoka kusema kwamba vyote vinapendeza. Ndipo nikasikia nyuma ya pazia: tak. Kimya. Tak. Kama mtu anayerusha kokoto dirishani ili umtokee.

Nikafunua pazia. Tangi la kioo! Ndani yake samaki mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, wa buluu, mistari sita myeusi, nundu juu ya macho. Alikuwa akichota kokoto kwa mdomo, anazibeba hadi kwenye kioo, anazitema. Anahamisha nyumba yake mwenyewe. Nikapiga magoti palepale.

Dume. Ni binamu wa ngege, yule perege tunayemla, ila kwao ni Ziwa Tanganyika. Nilimtambua kwa sababu jike wa aina hiyo anaishi sebuleni kwetu Kasese. Niliachiwa na mhadhiri wangu wa zoolojia alipohama nchi, tangi na vyote. Namwita Mheshimiwa, kwa ajili ya nundu na mwendo. Tangu nimlete sijawahi kuona wa pili. Anselme anasema wake alimpata kwa shemeji yake wa Uvira. Anamwita Pedeje, ndivyo wanavyomwita kwao mkurugenzi mkuu wa kampuni.

Nataka kujua jambo moja tu. Mheshimiwa atafanya nini akimwona?

Jumanne, 3 Juni

Siku ya Mashahidi, wafia dini wetu. Mama ameangalia misa ya Namugongo kwenye televisheni tangu asubuhi. Kaka yake, Mjomba Kosmasi, kaja kuangalia pia. Uongo! Kaja kupima tangi. Kila akija hulipima kwa shubiri akidhani simwoni. Ameagiza vifaranga, na anasema tangi langu likimwagwa maji na kuwekewa balbu, kifaranga hata kimoja hakitakufa kwa baridi.

Leo kasema waziwazi. Mama hakumkatalia. Alisema kitu kinachokula bila kuzaa hakikai katika nyumba ya Wakonzo kama sisi. Alisema hivyo akinitazama mimi, si samaki. Mjomba akaitikia amina, ingawa askofu kwenye televisheni hakuwa amemaliza sala.

Hukumu: vifaranga vinakuja wiki ijayo. Kama Mheshimiwa hatakuwa na mtoto, tangi linakwenda kwa Mjomba na samaki mwenyewe anaingia kwenye mchuzi wa karanga. Nikasema watoto wa samaki hawaji kwa amri. Mama akasema hata wajukuu, inaonekana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia Anselme. Nikamwomba amlete Pedeje Kasese kwa siku chache.

Anselme ni Mnande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Lugha yake na Kikonzo chetu ni moja, na akiitumia huniita binti yangu. Likija jambo la biashara anahamia Kiswahili cha kwao, na binti yangu inakuwa ma fille. Leo alihama mara moja. "Mume haitembeake, ma fille. Ata nguruwe, muke njo wanaletaka kwa mume."

Kweli, ndivyo tunavyofanya. Hakuna anayepandisha dume la nguruwe mlimani. Jike hupelekwa kwake, na mwenye dume hupewa mtoto mmoja. Nikakubali haraka kabla hajafikiri. Sheria ya nguruwe! Mtoto mmoja! Nikajiona mjanja kuliko wote niliosoma nao.

Kisha nikamsikia mkewe, Mama Wivine, akiuliza huko nyuma kama samaki anazaa mmoja kama mutu. Anselme akarudi kwenye simu. Nusu kwa nusu, na kuanzia leo mimi ni mukwe wake.

Ijumaa, 6 Juni

Benon hupeleka nyanya za Mubuku kwenye soko la Bwera kila Jumanne na Ijumaa. Amenipa nafasi mbele kwenye pikapu yake, ndoo magotini. Mheshimiwa alikaa kimya ndani ya ndoo kama mtu aliyepewa uhamisho asioutaka.

Kizuizini askari akagonga dirisha. "Wewe dada, nini iko ndani? Fungua!" Nikasema samaki, afande. Akauliza kama iko hai. Hai. Akauliza kama ni ya kula. Nikasema hapana, afande, anapelekwa kwa mume.

Aliinama juu ya ndoo muda mrefu. Akauliza kama wazazi wamekubali. Nikasema upande wa mume wamekubali. Akafungua njia, akasema mtoto wa watu asirudi analia.

Dukani, Pedeje alimkimbiza tangi zima na kumng'oa magamba mawili. Nikataka kumtoa. Mama Wivine akanishika mkono, akasema ndoa zote zinaanza hivyo. Anselme akajifanya anakunja vitenge. Nalala kwao.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nyumba nzima imekwenda misa. Mimi nilisingizia kichwa. Mungu atanielewa, yeye ndiye aliyewaumba samaki.

Pedeje alikuwa amesafisha kona moja, kokoto zote kando. Akasimama pale akitetemeka mwili mzima, kama aliyenaswa na umeme lakini anajitahidi kubaki na heshima. Mheshimiwa alimsogelea polepole. Akataga yai moja, kubwa, rangi ya siagi, karibu ukubwa wa punje ya mahindi. Kabla halijatulia akageuka, akalichukua mdomoni. Akataga jingine. Akageuka. Kila yai alilirudia kana kwamba ndilo la pekee.

Jambo hili nimelisoma vitabuni, nimelifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Kumbe nilikuwa silijui.

Sasa kidevu kimevimba. Hatakula mwezi mzima. Watoto wataanguliwa na kukulia humohumo mdomoni. Akisumbuliwa, atawatema au atawameza. Kanuni ni moja, naiandika nisije nikaisahau: USIMGUSE.

Mama Wivine alirudi, akatazama, akafanya ishara ya msalaba. Mwanamke wa kukaa mwezi mzima bila kusema! Akamwita mume wake aje aone muujiza. Anselme akasema muujiza ni wa Pedeje.

Jumatatu, 9 Juni

Mama kapiga simu. Vifaranga vimefika leo asubuhi. Viko ndani ya boksi sebuleni, na Mjomba anakuja kesho kuchukua tangi.

Anselme ananiambia nimwache Mheshimiwa hapa mpaka awatoe watoto. Anasema safari ni mbaya kwa mzazi. Anasema kwa upole sana. Upole mno! Watoto wakizaliwa kwake, nani atasimamia hiyo nusu? Nikamweleza habari za Mjomba. Akatikisa kichwa, akasema familia ni familia, lakini nusu ni nusu.

Naondoka na Mheshimiwa kesho. Kitabu kinasema asisumbuliwe. Hakisemi asisafiri.

Jumanne, 10 Juni

Ndoo niliizungushia kitenge, giza kamili. Benon aliendesha kama amebeba maiti ya askofu. Askari yuleyule akauliza mbona bibi-arusi anarudi, wamemfukuza? Nikasema ana mimba, afande. Iko wapi? Mdomoni. Alinitazama mimi badala ya ndoo, akafungua njia.

Tukafika na mayai yote mdomoni! Nikamrudisha kwenye tangi lake taratibu.

Vifaranga vilikuwa vikipiga kelele ndani ya boksi. Mjomba alikuwa tayari na mpira wa kunyonyea maji. Nikatangaza kwamba ana mimba. Mjomba akainama, akasema huyo ana jino bovu. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, hata kwa mchoro. Mjomba akamwambia Mama kwamba ndiyo faida ya chuo kikuu, mimba inahamia mdomoni. Mama akacheka. Mama yangu mwenyewe! Alicheka mpaka akashika kiti.

Hapo nikaomba kijiko.

Nilimshika kwa kitambaa kibichi juu ya beseni la maji, nikamfungua mdomo kwa mpini wa kijiko cha chai. Yakamwagika. Mayai kiganja kizima, yaking'aa. Mama akaacha kucheka. Mjomba akaweka mpira chini. Ushindi! Nilisimama pale na kijiko mkononi, na katika wilaya nzima ya Kasese hapakuwa na mtu mwenye haki kuliko mimi.

Ndipo Mama akauliza, sasa yanarudije?

Jumapili, 15 Juni

Hayarudi. Nilimwekea Mheshimiwa mbele ya uso. Akageuka, akaanza kula kama mtu aliyetoka mfungo.

Mayai yako ndani ya chupa iliyokatwa, yanazungushwa na hewa ya kipampu, kama ambavyo mama yao angeyazungusha mdomoni. Umeme ukikatika nayatikisa kwa mkono. Umeme unakatika sana. Yanageuka meupe, moja baada ya jingine, na kila jeupe nalitoa kwa unyoya wa kuku wa Mjomba.

Mjomba amekata rufaa. Anasema yai si mtoto. Maisha yake yote anauza mayai na hakuna aliyewahi kumshtaki kwa kuuza watoto. Mama akawaza, akatoa hukumu mpya: tangi linabaki mpaka Ijumaa. Siku hiyo aonyeshwe kitu chenye macho, au Mjomba alichukue.

Nimelitafakari kosa langu kwa kina na kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kijiko. Kingefaa cha mbao.

Alhamisi, 19 Juni

Limebaki moja. Na moja hilo lina mkia!

Mkia kama uzi, mzigo wa chakula tumboni, na macho mawili. Macho yanageuka! Nimemtazama asubuhi yote. Nikisogea kulia, ananifuata kulia. Anaona nini? Ananijua mimi ni nani? Vipo vitu vingi nilidhani ninavijua kabla ya huyu.

Mama alivaa miwani, akainama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Biira," akasema kwa sauti ndogo, "kananiangalia." Alisema ka, kama mtu anavyosema juu ya kichanga. Kisha akampigia Mjomba, aje kesho saa kumi jioni aone kwa macho yake. Akiona, tangi ni letu daima. Asipoona, Mama amesema neno lake halina kurudi nyuma.

Tumeshinda! Nilikuwa nikiimba.

Kisha Anselme akapiga simu, anauliza watoto wake wangapi. Nikasema ukweli. Yuko mmoja. Akacheka vizuri, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. "Moja? Samaki ya moja? Mukwe, unanificha batoto." Nikamtumia picha. Akasema simu inapiga picha ya samaki yoyote. Mama Wivine akamnyang'anya simu, akasema watu wa masomo njo beko banaibaka na kalamu.

Mwizi! Mimi! Niliyempa jirani yangu wa dawati majibu yote ya hesabu bila kumdai hata kalamu.

Usingizi hauji. Mjomba ni mgumu wa kuamini kuliko Anselme, na hata Mjomba aliamini alipoona. Mtu akiona, basi.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi, naandika magotini ndani ya pikapu. Nyanya nyuma, Benon kwenye usukani. Mtoto yuko ndani ya chupa ya maji, chupa ndani ya kofia ya sufu, kofia ndani ya blauzi yangu. Benon ameuliza mara mbili kama kitu kidogo hivyo kitastahimili mashimo ya barabara. Nimemjibu kwamba nimesoma zoolojia.

Mpango hauna kasoro. Nafika Bwera, Anselme anatazama, anaomba radhi, mkewe anaomba radhi, nageuza. Saa kumi niko nyumbani, chupa mezani, Mjomba anatazama. Watu wawili wasioamini kwa siku moja!

Tumeshapita Muhokya. Mama alikuwa bado kwenye sala zake za asubuhi, sikutaka kumkatiza. Nimemwachia ujumbe juu ya tangi kwamba mtoto amekwenda kumsalimia baba yake.