Kisukuku Kilichosuguliwa

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kaokota kisukuku ukingoni mwa mto! Mimi nilisikia kasuku, nikamtangazia jirani, Mama Pacha, ambaye wanawe wanasoma na wangu, kwamba mwanangu ana kasuku wa mawe. Alicheka hadi akashika ukuta. Sasa najua: ni chaza wa baharini aliyegeuka jiwe. Bahari! Hapa ninapoanika nguo! Ilikwenda wapi? Nimechungulia chini ya kamba, sijaona kitu. Ijumaa mtaalamu wa makumbusho anakuja shuleni kuchagua mtoto mmoja wa kuchimba naye likizo. Nani tena, jamani, kama si wangu?

Jumatano, 5 Machi
Kisukuku kilijaa udongo. Mtoto wangu hatoki kwangu na kitu kichafu! Nimekisugua kwa waya wa sufuria mpaka kikang'aa kama kisigino cha bibi harusi. Mistari ya gamba nayo ikatoka. Yote. Binti kalia: mama, umefuta bahari! Roho imeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshuka mtoni kutafuta kingine. Nani kainama matopeni, khanga kaifunga kiunoni? Mama Pacha! Eti anatafuta pete. Nikamwambia mimi nanyoosha mgongo. Tukachimbua, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa kuibia. Nikapata! Gamba lililojiviringa, limeganda kwenye jiwe. Sikulisugua. Nina akili, mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeliweka mwenyewe mbele ya mtaalamu, nikamweleza bahari ilivyokauka. Kisukuku kikatoa pembe. Kikatembea hadi kwenye kalamu yake. Konokono! Mama Pacha kauliza kama huyo ndiye kasuku. Binti yangu, bila kutetereka, kamwambia mtaalamu kile cha kwanza alikichomoa wapi: kwenye tabaka jeupe, chini ya mizizi. Wakaenda kutazama. Chaza tele! Kachaguliwa yeye. Damu yangu hiyo!

Jumapili, 9 Machi
Binti kaleta jino la papa kutoka kwenye tabaka lile. Kanisihi: mama yangu mzuri, usiliguse, mtaalamu atalipitia kesho. Nimeapa. Hakuna waya, hakuna sabuni. Nimekaa nalitazama tu. Papa kaogelea juu ya jiko langu! Alimng'ata nani? Lakini jeusi, masikini. Miaka yote hiyo bila mswaki, na mgeni anakuja! Dawa ya meno kidogo itamdhuru nani? Jino ni jino.