Skonzi ya Kumi na Tatu

Jumanne, 6 Mei
Msiba! Mzee Threlfall, mwokaji wetu, amestaafu na duka kamwachia binti yake, Hilary. Mzee, kwa desturi ya waokaji wa kale, kila dazeni alitia kumi na tatu. Mimi ndiye mchukuzi wa skonzi za chai ya kanisa. Leo nimekula moja nyuma ya ukuta wa makaburi, kama kila Jumanne kwa miaka miwili. (Daktari amenikataza. Mke wangu Enid anamsaidia daktari.) Ukumbini Sugden, katibu wa kamati, akahesabu. Kumi na moja! Nilipigwa na butwaa, makombo bado yako kwenye masharubu.

Jumatano, 7 Mei
Nimemwendea Hilary kwa upole. Nikamweleza dazeni ya mwokaji ni ngapi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye unga.
"Bwana Pickersgill, dazeni ya mayai ni kumi na mbili. Ya vikombe ni kumi na mbili. Skonzi zangu zimeota mkia?"
Hana adabu. Nitamfikisha mbele ya kamati.

Alhamisi, 8 Mei
Kutwa maktabani. Kamusi iko upande wangu: ya mwokaji, kumi na tatu! Inasema pia watu hutaja madazeni wakimaanisha tele tu, bila hesabu. Hiyo nimeiruka.

Ijumaa, 9 Mei
Niliihutubia kamati dakika arobaini. Nikaapa kwamba Mzee Threlfall hakupunguza kumi na tatu hata Jumanne moja. Makofi. Kasisi akaahidi kusema na Hilary. Ushindi! Ndipo Sugden akanyoosha mkono, taratibu.
"Sasa Bwana Pickersgill, mbona hapa zilikuwa zinafika kumi na mbili?"
Enid akaweka birika chini, akanitazama tumbo.

Jumapili, 11 Mei
Nimevuliwa skonzi. Hilary atazileta mwenyewe, kumi na tatu, na ile ya ziada kamati imempa Sugden. Sugden! Enid kaninunia, asubuhi nimepewa nusu chungwa. Nimejuta kwa dhati. Tamaa mbaya. Mimi sasa ni mtu mwingine.
Kasisi, kwa huruma, amenipa kazi ya kuchukua mayai kwa mkulima Ogden, dazeni tatu kila Jumatano. Ameonya kwamba Ogden haongezi hata moja. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu tu, yanayopasuka njiani huwa ya nani. Akasema ya mbebaji.
Njia ya kwa Ogden ina mashimo mno. Nitakwenda kwa baiskeli.