Amri ya Kuyafungia Maneno kwenye Besi

Inatangazwa kwa mabweni yote kwamba tatizo la maneno ya nyimbo kutokaa chini ya noti zake limekomeshwa rasmi. Limekomeshwa na Mkuu wa Shule, ambaye hasomi noti.

Mimi ndiye mchapaji wa nyimbo za kwaya katika kompyuta ya maktaba. Ili kuokoa karatasi, soprano na alto hukaa mstari wa juu, tenori na besi mstari wa chini, na maneno katikati. Kompyuta huuliza: maneno yafuate noti za sauti ipi? Swali hilo liliundiwa Kamati. Mwenyekiti, Mkuu. Mjumbe, Naibu wake, mwenye dhamana ya kukubali.

"Mimi naimba sauti gani?" Mkuu aliuliza.

"Besi, Mkuu. Tena nzito."

"Basi maneno yaifuate besi."

Mwalimu wa kwaya, tunayemwita Mama Tempo, alikohoa. "Mkuu, besi huwa kimya wenzao wakiimba. Hao wengine hawatakuwa na maneno."

"Wasubiri maelekezo. Na asiimbe mtu neno lisilo chini ya noti yake. Mkiniaibisha mbele ya Mkaguzi wa shule atakapokuja, naivunja kwaya."

Dada yangu, mwimbaji wa alto, alinifinya. "We, utatuponza!"

"Dada, mimi mtekelezaji tu."

Siku ya ukaguzi ikafika. Ulikuwa wimbo wa toba: sauti nyingine tatu huuliza, "Nani aliyekosa?" na besi hujibu. Kwa kuwa swali halikuwa na noti za besi, halikuchapwa. Sauti zote tatu zikafumba midomo na kuvuma "mmmm" kama friji bovu. Zamu ya besi ilipofika, wavulana wawili wa besi waliingiwa na heshima ya ghafla, wakamwachia Mkuu uwanja.

"Ni mimi!" alinguruma peke yake. "Ni mimi niliyekosa! Ni mimi!"

Mkaguzi akavua miwani. "Mkuu, kwani umefanya nini?"

"Kwaya imevunjwa!" Mkuu akafoka. Mama Tempo akashusha mikono, machozi yakimlengalenga.

Hapo dada yangu akajitokeza. "Mheshimiwa, muulize kaka yangu kwa nini sweta yake inachakarika."

Zikavutwa karatasi kutoka ndani ya sweta yangu: wimbo uleule, kila sauti na maneno yake, nakala za kutosha kwaya nzima.

"Nilijua," nikakiri. "Kompyuta inaruhusu kila sauti ipewe maneno yake. Hizi nilizichapa kwanza."

"Na zile ulizogawa?"

"Niliitii amri, mheshimiwa. Kwa makusudi."

Mkaguzi akazigawa mwenyewe. Kwaya ikaimba hadi madirisha yakatetema, Mkuu akiwa ameketishwa kando ya Mkaguzi kusikiliza. Kuivunja tena haikuwezekana. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuomba wimbo wa pili.

Sasa nimesimama nje ya ofisi nangoja adhabu yangu. Ndani, Mkuu na Naibu wanapekua kanuni za shule, ukurasa kwa ukurasa, wakitafuta kosa la kutii.