Profesa Alivyofundisha Mpaka Akafilisika

Profesa alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa na povu, redio iliposema kwamba wanawake wa kile kiwanda cha nguo kilichofungwa watalipwa kiinua mgongo chao mwezi ujao. Kinyozi akasema kweli Mungu hamtupi mja wake. Profesa akamwambia aharakishe upande wa pili, kuna kazi imeingia.

Kiwanda hicho, kwa waliosahau, kilifungwa asubuhi moja bila taarifa. Wafumaji walikuta kufuli langoni. Mashine zilikwisha kuuzwa na mwenye mali alikwisha kuhamia nchi yenye baridi na heshima. Kesi ikaendeshwa mpaka mawakili wakaota mvi na baadhi ya wadai wakaota nyasi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita yule bwana tapeli. Aliitwa mwekezaji. Profesa, ambaye tangu azaliwe hajaiba hata robo ya hapo, ndiye aliyeitwa tapeli. Ndivyo dunia ilivyopangwa: ukiiba kuku wewe ni mwizi, ukiiba banda zima unaombwa ukakate utepe.

Basi Profesa akakodi chumba juu ya duka la rangi, kwa ahadi, akabandika karatasi mlangoni: Uwekezaji kwa Wanaoanza, Bure. Wafumaji wakaja, wakaketi juu ya madebe matupu. Mbele alikaa mwanamke waliyemwita Nyapara, aliyesimamia mstari wa mashine kiwandani na baadaye akasimamia kesi. Kiinua mgongo kile ndicho kilichobaki cha ujana wao wote. Kikipotea, hakuna mahakama ya kuwarudishia tena migongo.

Mpango wa Profesa ulikuwa mwepesi. Wiki tatu afundishe ukweli mtupu, aaminike. Wiki ya nne awaonyeshe Mfuko wa Neema, ambao haukuwa na neema wala mfuko. Chambo akakope kwa shemeji yake, muuza nyama, kaka wa mkewe. Shemeji hakutaka maandishi. Aliuliza tu siku ya kurudishiwa, huku akiendelea kukata mifupa.

Kilichomponza Profesa ni kwamba aligundua anajua kufundisha. Maisha yake yote watu walikuwa wakimsikiliza kwa wasiwasi. Hawa walimsikiliza kwa hamu, na sifa humlevya hata asiyekunywa. Akaleta mkate darasani akaukata vipande kueleza hisa: kampuni ni mkate, hisa ni kipande chako, na mkate ukiota ukungu, kipande chako hakitabaki kitamu peke yake. Akawaambia waweke kwanza akiba ya dharura, ndipo wafikirie faida. Alipowaonya wasiweke pesa zote mahali pamoja, Nyapara akasema hilo wanalijua, nguo haifumwi kwa uzi mmoja. Profesa akafurahi kama mzazi. Na hapo, akiwa amepandwa na mori wa ualimu, akatoa kauli ambayo angelipa ghali kuimeza tena.

"Siku zote ulizeni faida inatoka wapi," alisema. "Mtu akishindwa kukuonyesha mtambo unaoizalisha, basi ujue mtambo ni wewe."

Wiki ya nne akautaja Mfuko wa Neema: weka leo, baada ya wiki mbili chukua na nusu juu yake. Nyapara akaeleza kwamba kiwandani hakuna aliyefunga uzi mpya kwenye mashine kabla ya kuuvuta kidogo kwa mkono. Muuza uzi husema anavyotaka. Uzi wenyewe husema kwa kukatika. Kwa hiyo wangeanza na vijisenti tu.

Profesa nusura ambusu. Samaki huonja kwanza, ndipo ameze. Akapokea vile vijisenti, vikageuka suti mpya na tiketi ya basi la usiku, Jumatatu ya baada ya malipo, safari ya mbali.

Siku ya malipo ya Mfuko ilipofika, kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha kutoka. Profesa alitegemea waseme acha izae. Ndivyo wenye tamaa husema, na ndivyo matapeli, wa mtaani na wa ghorofani, wanavyokula. Badala yake wakapanga foleni mpaka ngazini, kila mmoja akitaka mtaji na faida yake.

"Tunavuta uzi, mwalimu," Nyapara alisema.

Akalipa. Pesa ya shemeji yote ikaenda, noti kwa noti, naye akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe.

"Haujakatika," Nyapara akasema. "Jumatatu usichelewe."

Jumatatu aliwahi, na begi tupu la kubebea utajiri. Kwenye karatasi ya mlangoni neno Bure lilikuwa limefutwa, na mfumaji mmoja akamdai kiingilio. Profesa akatoa sarafu zake za mwisho. Ndani, Nyapara alikuwa ubaoni: sehemu ya kiinua mgongo benki, sehemu hati za serikali, sehemu mashine za kufuma zilizotumika, watakazomiliki pamoja. Profesa akanyoosha mkono.

"Na Mfuko wangu?"

"Tuliutafutia mtambo, mwalimu, hatukuuona."

"Sasa ile faida niliyowalipa?"

"Imelipa kodi ya chumba hiki, mwezi mzima. Mwenye nyumba anasema wewe hukumlipa hata siku moja."

"Lakini ile haikuwa faida," Profesa akasema. "Ile ilitoka..."

"Tunajua ilikotoka. Si ulitufundisha mwenyewe? Mtambo ni wewe."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Kutoka chini, kwenye duka la rangi, ikasikika sauti nzito ikimuulizia shemeji mmoja mwenye suti mpya. Kisha ngazi zikaanza kulia, moja baada ya nyingine.

Profesa akavuta debe, akaketi nyuma kabisa, kichwa chini, kama mwanafunzi asiyefanya zoezi.

Nyapara akafuta ubao, akachukua chaki.

"Haya," akasema, "leo tunaingia kwenye madeni."