Theluji Yangu na Soksi za Tuulikki

Jumatatu, 10 Machi
Haki iko wapi? Kwenye kahawa ya asubuhi mwalimu mkuu, Marjukka, katangaza kwamba kila somo sasa lifundishwe kwa sanaa. Hata hisabati yangu. Ijumaa wanakuja wageni wa manispaa kutazama. Asiye na la kuonyesha, vipindi vyake vitawekwa chini ya Tuulikki, mwalimu wa kazi za mikono. Yaani mimi, na chaki yangu hii, niwe msaidizi wa mtu wa sindano! Tuulikki akasema nisijali, atanitafutia kiti. Wote wakachekea ndani ya vikombe.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata. Theluji! Imejaa uani, ya bure. Wanafunzi wangu wa darasa la 7B wamechonga piramidi, koni na tufe, kisha wakapiga hesabu ya ujazo. Nikamuuliza Aino, bingwa wa darasa, anaonaje. Akasema si mbaya. Hapa mjini Kajaani, ambako watu hawasifu hovyo, hiyo ni sifa ya kumliza mtu. Nililia kidogo, nikasingizia upepo.
Tuulikki anafundisha nusu na robo kwa kufuma soksi. Soksi! Nyanya yangu alifuma maisha yake yote na hakuna manispaa iliyokuja kumtazama.

Jumatano, 12 Machi
Osmo, mtunza majengo, kalisukuma tufe langu kwa trekta. Eti theluji ikikaa njiani ni kazi yake. Nikamwambia ile ni sanaa. Akanijibu, "Basi sanaa ikae ndani, Veikko. Huku nje kuna trekta." Mtu mjeuri sana. Ila hiyo ya ndani si wazo baya.

Alhamisi, 13 Machi
Tumeingiza piramidi na koni kwenye korido. Zikaanza kutoka jasho papo hapo. Nikamlainisha Osmo kwa mikate ya mdalasini, akazima joto la korido na kuacha mlango wa nje wazi usiku kucha. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ni mtu wa hesabu.

Ijumaa, 14 Machi
Dhuluma! Wageni wamefika, wakavua viatu mlangoni kama sote tunavyovua. Sakafu barafu tupu. Kabla sijataja ujazo wa koni, walikuwa wanarukaruka kwa mguu mmoja. Tuulikki huyo, na kapu lake. Soksi za sufu, kila jozi na hesabu yake ya mishono. Kiongozi wao, bwana asiyefungua mdomo hovyo, kavaa jozi mbili, akasema si mbaya. Wakajifungia darasani kwake saa nzima. Piramidi zangu hawakuzigeuzia hata shingo. Na hazikuyeyuka tone!
Marjukka kaniita. Kuanzia Jumatatu mimi na 7B tuko chini ya Tuulikki. Nimeona uchungu, sifichi.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari saunani kwa utulivu. Kosa si langu, ni la baridi. Korido ingekuwa na joto, nani angetaka soksi? Wageni watarudi Aprili. Osmo kakubali kufungulia joto mpaka mwisho.
Nimeshaagiza siagi, kilo arobaini. Safari hii tutachonga piramidi za siagi.