Ombi la Kukisogeza Kisiwa cha Rwanyanga Hadi Mwisenge

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Kisiwa cha Rwanyanga.

Shikamoo. Nyumba yako naiona hapa dirishani, hata shati lako la bluu lililoanikwa. Nimeona niandike, kwa sababu nikija mwenyewe huishia kusema shikamoo na kuondoka mbio kama mtu aliyeiba kuku.

Mimi ni Nyamburi wa kidato cha pili, niliyekuja kutoka Butiama mama alipohamishiwa huku kufundisha. Nilikuomba barua ya kijiji ili nirudi kuishi na bibi na kusoma huko. Bila barua hiyo shule ya kule hainipokei. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimebatizwa Nyamburi, lakini kisiwa kizima kinaniita Mgeni. Katekista wetu, Mzee Nicolaus, ananikaribisha kanisani kila Jumapili, nasimama, watu wote wanageuka na kupiga makofi. Siku hizi najificha nyuma ya nguzo. Ananikaribisha huko huko nguzoni.

2. Butiama nilikuwa nasomea juu ya jiwe, nikisumbuliwa na mbuzi tu. Hapa kila jiwe limeanikwa dagaa. Nilipopata lenye nafasi, Mama Yuliana mwenye dagaa hao alisema, "Mgeni, kwa kuwa umekaa bure, nifukuzie kunguru." Tangu hapo nina kazi. Wapita njia huniuliza, "Mgeni, humo kitabuni leo kafa nani?" Vitabu vyangu vinanuka dagaa kiasi kwamba paka wa jirani analala juu ya kamusi.

3. Mwezi. Hili ndilo kubwa. Nilipoomba barua ulinijibu kwa upole, "Mambo ya ofisi sisi tunayafanyaga mwezi ukitoka, Mgeni." Nikaelewa kuwa ni mwezi huu utoke, uingie mwingine. Tarehe ya mwisho nikavaa sare iliyopigwa pasi, nikaja. Ofisini nilimkuta bata. Mama Yuliana alicheka mpaka akaketi chini: "Mwezi wa juu, mwanangu, si wa ukutani!" Akanieleza kwamba wakati wa giza wanaume wote wako ziwani na taa zao, na mchana wanalala. Mwezi uking'aa dagaa hawazifuati taa, ndipo watu hupumzika, hufunga ndoa na kugonga mihuri. Basi mwezi ulipong'aa nikaja tena. Wewe ulikuwa umekwenda Bunda harusini.

4. Kwa kuwa kukupata wewe ni kugumu, na bibi hawezi kuja kwa sababu anaogopa hata maji ya beseni, naona lililo rahisi ni kukisogeza kisiwa. Juzi niliona kisiwa kidogo cha magugu na mafunjo kikipita kuelekea Musoma, kimembeba yangeyange. Hakikuwa na injini wala barua ya kijiji. Kama kile kimeweza, chetu chenye kanisa na Mwenyekiti kitashindwaje? Mitumbwi yote ifungwe kamba, ivute pamoja, taratibu, dagaa wasimwagike. Tukifika Mwisenge, ufukweni Musoma, nitashuka kwa miguu yangu niende kwa bibi, na wewe hutasumbuliwa tena. Naomba ifanyike mwezi ukitoka, maana ndipo mitumbwi inakuwa haina kazi.

Nisalimie nyumbani kwako wote, vijana wa mitumbwini, Mzee Nicolaus (asinikaribishe) na yule bata wa ofisini.

Mwananchi wako wa muda,
Nyamburi Abednego

Tanbihi: Kabla sijaileta barua hii, boti imemshusha nesi mpya, Dada Eufrasia wa Bunda, kavaa viatu vya kisigino. Ameniuliza fundi wa kumtengenezea mlango atapatikana lini. Nikasema, "Mwezi ukitoka." Akatoa simu, akatazama tarehe. Nimecheka mpaka nikakalia dagaa wa Mama Yuliana, wala hakunigombeza. Mara mtu akaita, "Mgeni!" Nikageuka. Hakuwa ananiita mimi. "Wewe Nyamburi," akasema Mama Yuliana, "hebu mwoneshe Mgeni njia."

Tafadhali kisiwa kiacheni pale pale kilipo. Ile barua ya kurudi Butiama nitaifuata mwezi ukitoka. Sitasema mwezi upi.